Ukinunua tovuti ya duka, anza na kitufe cha kurifreshi

Wauzaji wa korosho zilizobanguliwa, kuanzia Mikindani hadi Masasi, wananiandikia kilio kimoja: mteja kabonyeza "Onyesha upya" aone bei ya leo, oda imeingia bila kukusudia. Fundi anasingizia mtandao. Mtandao hauhusiki hata kidogo! Kitufe kilichokaa ndani ya fomu kisipoandikiwa type="button", kivinjari hukihesabu kuwa cha kutuma fomu.

Rangi na nembo utaziona mwenyewe. Wewe, kabla hujamalizia malipo, jaza fomu yote ya oda, bonyeza kurifreshi, kisha tazama. Oda ikienda, au maandishi yakifutika, mrudishie fundi kazi yake.

Katika njia za kutengeneza kitufe hicho, namba moja kwangu ni htmx, na mapenzi yangu sifichi. Ni maktaba ya bure ya JavaScript, yaani msimbo ulioandikwa tayari kwa lugha inayoendesha kurasa za tovuti. Kitufe kinapewa hx-get (bei itoke wapi) na hx-target (iwekwe wapi), kikibonyezwa kinaleta kipande cha bei peke yake. Alichokwisha kuandika mteja hakiguswi. Msimu wa minada ukianza, bei haitulii, na mteja atabonyeza mpaka kidole kiume. Bando lake litakushukuru.

Namba mbili ni fetch, amri ya JavaScript tupu ya kuleta data kutoka kwenye seva. Kazi ni ile ile, mistari mingi zaidi. Muulize fundi kama ameangalia response.ok, inayosema kama jibu la seva ni zima, maana seva ikijibu 404 au 500 (namba za makosa), fetch yenyewe haioni kosa. Mteja anaweza kubaki anatazama bei ya juzi.

Cha bei poa ni location.reload(), inayopakia ukurasa mzima upya. Kwa ukurasa wa matangazo inatosha. Ukikuta location.reload(true), jua fundi kanakili mahali: hiyo true haimo kwenye kanuni za sasa, Firefox ndiyo inayoitambua. Na location.href = location.href, njia nyingine ya kupakia upya, iacheni jamani; anwani ikiwa na alama ya #, hakuna kinachopakiwa.

Kinachoniudhi zaidi ni ankara. Utakuta "moduli ya kurifreshi" imewekewa bei yake, chini yake "matengenezo ya moduli" kila mwezi. Mwambie aifungue hiyo moduli mbele yako. Ukikuta location.reload() peke yake, umeuziwa herufi na alama 17, na kila mwezi unazilipia kodi.