TAHADHARI wabunifu wa websaiti Mbeya, Iringa na Njombe: huyu jamaa wa aikoni ni tapeli

Wadau naomba msome hii mpaka mwisho na muisambaze leo leo kabla huyu mtu hajamfikia mwingine, maana nasikia keshaonekana Makambako na huko vijana wa kazi hizi wapo wengi.

Ni yule jamaa wa vifurushi vya aikoni, vile vialama vidogo vya kuweka kwenye websaiti, na maandishi ya kung'aa. Wa kwenye grupu letu, mnamjua, wengine mlimpigia makofi siku ile anaweka sampuli. Anasema aikoni kachora mwenyewe kwa miaka, anakupa na karatasi ya leseni ina mhuri kabisa. Kachukua kwangu 85,000 afu akarudi akachukua 40,000 nyingine.

Tulikutana Kabwe, mvua inanyesha, akaingia na begi la laptopu mgongoni kalifunika na rambo lisilowe. Akanisalimia "ugonile", nikaitikia, akauliza nyumbani wapi, nikamwambia Tukuyu, akasema sisi ndugu kabisa mama yake ni wa Katumba. Akaagiza chai, ya kwangu akalipa yeye. Ndo akafungua laptopu akaniambia kaka angalia hapa, nikaona neno KARIBU kwa rangi ya dhahabu, mwanga unatembea juu ya herufi kutoka kushoto kwenda kulia taratibuuu, chini yake neno OFA la bluu linawaka kama taa za duka usiku. Akapitisha kipanya juu ya aikoni ya lori, ya kikapu, ya simu, zote mistari unene mmoja, kona zimeviringwa vizuri, zinafanana utasema ndugu. Akasema Nyanda za Juu Kusini yote hamna mwenye hizi, Mbeya nakuuzia wewe peke yako, Iringa nitampa mmoja, basi nafunga. Na mimi nina ile kazi ya websaiti ya mama mteja wangu mwenye shamba la parachichi, mnaijua ilivyonibana, nikatuma hela palepale.

Na asije mtu akaniuliza nilimwaminije. Mtu kaja na sura yake, hajajificha nyuma ya simu, anaongea Kinyakyusa safi, jina langu kaliandika kwenye leseni mbele ya macho yangu, nimemuuliza tofauti ya SVG, yaani mchoro ulioandikwa kwa msimbo, na fonti ya aikoni akanieleza vizuri kuliko hata tuliofundishwa. Yeyote kati yenu angetoa hela.

Nafika nyumbani nafungua, folda ya maandishi inadai neno la siri. Nampigia, anasema ah kaka hiyo ni ya kuamsha leseni, 40,000 mfumo unakutumia wenyewe. Mama anapiga simu kila saa anataka kuona kazi, nikatuma. Neno la siri likaja kweli. Folda ikafunguka, jamani, ndani ni PICHA. Picha za kawaida na GIF, neno KARIBU, neno OFA, nyuma nyeusi, yaani hayo hayo aliyonionesha, huwezi kubadilisha hata herufi moja! Jina la shamba la mama nililiandike wapi? Napiga simu, inaita inakatwa, baadaye haipatikani kabisa.

Nikafungua ile aikoni ya lori kwa Notepad. Ndani imeandikwa "feather feather-truck". Kikapu hivyohivyo, feather-shopping-cart. Hizo ni Feather, mkusanyiko wa aikoni, kazi ya Cole Bemis, zinatolewa bure kwa leseni ya MIT, na ukiangalia zote zimechorwa kwenye mraba wa 24 kwa 24 na mstari unene wa 2. Folda nyingine ni aikoni za Font Awesome, mkusanyiko mwingine, zile za bure, kafuta ule mstari wa juu kwenye faili unaotaja wenyewe na leseni, ila faili chache kazisahau na jina linasoma vizuri tu. Hapo ndo ananiuma zaidi. Font Awesome za bure zipo chini ya CC BY 4.0, unatumia hata kwenye kazi ya kulipwa, sharti jina la mwenyewe libaki, na ule mstari ndo unaolibeba. Hata MIT inataka tangazo la hakimiliki libaki. Watu wametoa jasho lao bure kwa dunia nzima wameomba kitu kimoja tu, na yeye kakikata kwa makusudi ili auze, afu mvunja masharti naonekana mimi na mama wa watu!

Ile dhahabu yenyewe ni CSS, msimbo wa kawaida wa kupamba kurasa za websaiti. Dada yetu wa Kihesa kanitumia kwa meseji bila kudai hata vocha: unaweka rangi za mteremko nyuma, background-clip: text, herufi unazifanya transparent, afu unaitembeza ile background. Ile ya taa ni text-shadow kadhaa moja juu ya nyingine. Basi.

Mama nilishamwandikia kwenye makubaliano kwamba aikoni ni zake peke yake, maana ndo nilivyouziwa. Kijana wake wa chuo akaja na simu, anaonesha lori lilelile kwenye websaiti ya watu wengine kabisa. Mama hakugomba. Kaniambia tu, "Baba, hela yangu mimi ni ya kubeba parachichi kichwani." Nilitamani ardhi ipasuke.

Huyu mtu afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo toka 2015, isiishie kwa wanaotuma meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", na huyu ni mwizi uleule, arudishe hela za watu mpaka senti ya mwisho. RB ya polisi ninayo na namba yake ya simu nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti namba za matapeli.

Akikufuata utamjua: jina linalotokea kwenye simu wakati unatuma hela ni la mwanamke, atakwambia ni mke wangu. Faili za kufunguliwa kwa hela ya pili. Leseni yake haitaji MIT wala CC wala chochote, mhuri tu. Na ukimwambia fungua aikoni moja kwa Notepad nione ndani atabadilisha mada.

Mliomlipa, najua mpo na mnaona aibu kusema, msifute meseji zake wala za muamala. Njooni inboksi tupange siku twende kituoni wote pamoja.