Nimefunga Viti vya Abiria Kwenye Gari la Mzigo, Halafu Nikavifungua Siku Hiyo Hiyo

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena, samahani kwa huu uso, nimetoka chini ya gari sasa hivi na sijanawa, nimeona nikinawa hasira itapoa na mimi nataka muipate ikiwa ya moto.

Wale wa siku zote mnalijua hili gari, HiAce ya mzigo, ile bodi iliyoanza 2004, nyuma ilikuwa tupu, bati mwanzo mwisho. Habari za injini sirudii, mshachoka nazo. Mpango ni ule ule, tunalitoa kwenye mizigo liwe gari la nyumbani, vioo tushaweka, sponji za kuzuia makelele tushaweka, leo ilikuwa zamu ya viti. Nikaagiza seti kamili, benchi la watu 3 na viti 2 vya peke yake, mkanda umejengwa humo humo kwenye kiti. Aliyetengeneza simtaji, msinisumbue kwenye komenti.

Nianze na mazuri kabla sijaambiwa nina chuki binafsi. Sogeza kamera hapa, ona huo mshono, uzi umenyooka hakuna hata sehemu moja uliporuka, mgongo unalala, sehemu ya kichwa inapanda na kushuka. Nimekaa kupima kidogo tu nikapitiwa na usingizi, waulize hawa. Vile viti tulivyochambua mwezi uliopita, vile vya bei mbaya, vilinichoma kiuno mpaka nikavisema humu humu, hivi ni karibu nusu ya bei yake na vinalaza mtu! Nikasema leo nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Sasa shuka na kamera. Shuka zaidi, huku kwenye miguu, washa na taa.

Hii miguu ya nyuma imepita bolti kwenye bati la sakafu, na kwa chini kuna nini? Kuna washa, kile kisahani cha chuma chenye tundu kinachokaa chini ya nati. Hii hapa nimeitoa mkononi, ukubwa wa sarafu, na ilikuja bapa kabisa ndani ya boksi, ona saa hizi imekunjika kama kisosi, na hapo hatujapata ajali, hatujatoka hata getini, ni mimi tu na mtaimbo. Subiri niwaonyeshe. Ile washa nyingine bado ipo, naingiza mtaimbo chini ya mguu wa nyuma, naweka gogo hapa la kuegemeza, nakandamiza kwa mkono mmoja. Angalia bati. Linapanda! Naachia, linashuka. Napandisha tena, umeona linavyovimba kama chapati kwenye kikaango? Mkono mmoja huo wadau, na mimi wenyewe mnanijua nilivyo.

Kwa nini nasisitiza mguu wa nyuma. Gari likigonga kwa mbele, mwili wako unaendelea na safari, na kwa kuwa mkanda umefungwa kwenye kiti, unakivuta kiti kwa juu, kiti kinataka kupiga magoti. Miguu ya mbele inakandamizwa, ya nyuma inang'olewa. Kwenye ajali ya nguvu mwili unaweza kuvutwa mara 20 ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anakuwa kilo 1,400, wapo 3 kwenye benchi hizo ni 4,200, benchi lenyewe nimelipima kilo 45, nalo linakuwa 900. Jumla 5,100, zaidi ya tani 5, zimening'inia kwenye bati la kama milimita 1 na visosi vinne. Ndiyo maana ipo kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 14, ya sehemu za kufungia mikanda tu, sehemu hizo zinavutwa na mashine mpaka ijulikane zinashika au zinang'oka. Kwenye boksi langu sijakuta karatasi yoyote inayosema hivi viti vilivutwa.

Halafu bolti. Leta karibu, kichwa kitupu, hakuna namba. Bolti ya maana imeandikwa kichwani, 8.8 au 10.9, hiyo ndiyo inakwambia chuma chake kina nguvu gani. Hii haina hata jina la baba yake.

Najua kuna mtu anataka kuandika, si ufunge kwenye zile pete za sakafuni? Hapana bwana, zile ni za kufungia mzigo usiteleze, hazikuwekwa kushika binadamu. Na mwingine atasema weka viti vya kutazamana ubavuni kama sebuleni, hivyo ndiyo kabisa, mkanda umetengenezwa kumshika mtu anayeenda mbele, ukimkalisha upande unamkata kiuno.

Ah, kabla sijasahau, wengi mliuliza kuhusu ratiba, video sasa zitakuwa mbili kwa wiki, sabskraibu basi, inanisaidia kununua washa kubwa.

Tunarekebishaje. Sahani ya chuma ya milimita 6 chini ya kila bolti, pana, kona zake zimeviringwa zisikate bati, na pale inapowezekana miguu ishike kwenye mihimili ya chasisi badala ya bati peke yake. Mchoro nimempelekea mhandisi aukague kwanza kabla hajakaa mtu. Na ukitoboa chungulia chini kwanza! Drili yangu ilitokea upana wa vidole viwili kutoka bomba la breki, tangi la mafuta nalo liko huko huko, nilikaa chini nikaomba maji.

Jambo la makaratasi nalipitia haraka, kwenye kanuni za kimataifa gari dogo la mzigo ni kundi N1, la abiria la viti visivyozidi 8 ukiacha cha dereva ni M1, ukiongeza viti unaweza kuwa umehama kundi, kwa hiyo ukaguzi, kadi na bima vyote viambiwe. Bima isipojua, siku ya kulipa ndiyo itakapojua.

Na bado litadunda, springi za nyuma zimetengenezwa kwa mzigo, watu 5 kwake ni kama hajabeba kitu. Hapo ndipo Alphard inatucheka, yenyewe ilizaliwa ya abiria. Ila Alphard jaribu kuingiza kabati ndani yake tuone.

Maksi? Kukalia 9 juu ya 10. Ngoja, 8, egemeo la mkono linalegea kidogo. Miguu naipa 1, na hiyo 1 ni ya rangi. Siwarudishii lakini, nabaki navyo, miguu naichonga upya, maana usingizi ule niliupenda jamani.

Haya nishikie mtaimbo tuone kama bati litarudi lenyewe. Sogeza taa. Mh. Limebaki na nundu. Nani kachukua nyundo yangu?