Hatz CB-1 ya mtumba: misimu mitatu chini ya anga la Minneapolis

Nilipomtumia mama picha ya ndege yangu, Hatz CB-1 ya viti viwili na mabawa mawili yaliyopandana, swali lake la kwanza kutoka Mombasa lilikuwa, "Kwani hii imeshonwa, mwanangu?" Ndiyo mama, imeshonwa. Bodi ni mabomba ya chuma, mabawa ni mbao, na juu ya vyote ni kitambaa kilichopakwa dawa mpaka kikakaza kama ngoma. Ukipitisha kidole juu ya bawa unazipapasa fundo za uzi, moja baada ya nyingine.

Ramani ya kuijenga ni ya John Hatz wa Wisconsin, na ya kwanza iliruka 1968. Yangu aliijenga mzee mmoja gereji kwake kwa miaka kumi na moja, akaniuzia dola 27,000. Injini ni Lycoming ya nguvu farasi 150, inakunywa kama lita 30 kwa saa. Haina haraka: maili 85 kwa saa, na upepo ukiwa wa mbele, magari ya barabara ya I-35 yananiacha. Lakini inatua polepole, kwa adabu, wala haikuadhibu kwa kosa dogo. Kwa aliyezoea ndege zenye gurudumu la mkiani, hii ni punda mtulivu.

Jambo moja wanunuzi husahau: kwa kuwa sikuijenga mimi, siruhusiwi kutia saini ukaguzi wa kila mwaka. Lazima nimlipe fundi mwenye leseni, na si kila fundi anataka kugusa ndege ya kujitengenezea.

Sasa tuje kwenye anga. Uwanja wangu ni Airlake, Lakeville, kusini mwa jiji. Hauna mnara wa kuongozea ndege, ila eneo hili limeezekwa na anga la daraja B (huingii bila ruhusa ya waongozaji) la MSP, uwanja mkuu wa Minneapolis, lililopangwa kama sinia zilizopandana, ndogo chini na kubwa juu. Kadiri unavyoelekea mjini, dari inakushukia. Ndege za abiria ziko juu yako, na wewe na wanafunzi wa urubani mmebanwa chini kwenye ukanda mmoja. Kwenye Hatz bawa la juu linakuficha mbingu, la chini linakuficha ardhi. Kila baada ya dakika mbili naiinamisha kushoto, kisha kulia, nichungulie kama mtu aliye nyuma ya pazia.

Ndani ya maili 30 za baharini kutoka MSP, sheria inataka transponda (kifaa kinachojibu rada) inayotaja urefu ulioko angani, na tangu Januari 2, 2020, ADS-B pia, yaani kifaa kinachotangaza ndege iko wapi. Jirani yangu wa hanga ana Piper Cub ya zamani isiyo na alteneta, ile dinamo ya injini ya kuzalisha umeme. Yeye amesamehewa, maadamu haingii ndani ya anga lenyewe. Mzee aliyeijenga yangu alifunga alteneta ili asihangaike kuzungusha propela kwa mkono kuwasha injini, na raha yake imekuwa bili yangu. Nilichomeka ile taa ya mkiani yenye kisambazi cha ADS-B ndani. Inatumia nyaya za taa iliyokuwapo. Hiyo haijanisumbua.

Kilichonisumbua ni redio. Mara ya kwanza kuomba ruhusa ya kukatiza daraja B, mwongozaji aliniambia nirudie mara tatu, kisha kwa upole akanitaka nibaki nje. Wao walikuwa wanasikia upepo. Mimi nilikuwa nasikia plagi za injini. Nyaya za plagi hazikuwa na ganda la kukinga, kwa hiyo kila cheche ililia masikioni, ngrr, ikipanda na kushuka na injini. Nilibadilisha seti nzima ya nyaya, nikavisha maiki sponji nene na kifuniko cha ngozi juu yake. Nikitaka kusema nainama nyuma ya kioo, midomo imegusa sponji, naanza na neno "Experimental", kwa sababu mnara lazima ujue ni ndege ya aina gani inayobisha hodi. Siku hizi wananijibu mara moja, na wakati mwingine wananipitisha.

Ukienda kuinunua, usiridhike na muungurumo wa injini. Kaa kiti cha nyuma, hapo ndipo rubani anapokaa, vaa hedseti, fungua redio, mwambie mwenyewe apandishe kasi ya injini. Ukisikia ngrr, punguza bei.

Na usahau Novemba mpaka Aprili. Kiti cha wazi na baridi ya Minnesota havipikiki chungu kimoja.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya kiti cha mbele: abiria anapita chini ya bawa la juu, katikati ya nyaya zinazoshikilia mabawa, kama anaingia dirishani. Mke wangu alijaribu mara moja, akashuka, akasema atarudi nikishapata ngazi. Ngazi nimeshanunua.