Vipimo vya mimba vya nyumbani: nilivyonunua Dodoma na nilivyojifunza kuvikagua

Kwa miezi saba, mimi na mume wangu tulipokuwa tunatafuta mtoto, nilitumia aina tatu za vipimo vya mimba vinavyouzwa kwenye famasi na maduka ya dawa muhimu hapa Dodoma: cha kikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo, cha kibao cha plastiki kinachodondoshewa matone, na chenye umbo la kalamu ambacho mtu hukikojolea moja kwa moja. Bei zinapishana sana, lakini ndani vyote vinafanya kazi ileile. Ukibandua plastiki ya kalamu utakuta kikaratasi kinachofanana kabisa na kile nilichonunua kwa shilingi 1,000. Anayenunua kalamu analipia urahisi wa kushika, na sioni kwamba anapata uhakika zaidi.

Uhakika niliuona ukipotea dukani kabla sijafika nyumbani. Mwezi Novemba nilinunua kikaratasi katika duka moja la mtaani ambako vilipangwa nyuma ya kioo cha mbele, jua la mchana likivipiga. Nilipochovya, hakuna mstari wowote uliotokea, hata ule wa C ambao lazima uonekane mtu awe na mimba au asiwe nayo. Kipimo kisichotoa mstari wa C kimeharibika, na jibu lake halifai kusomwa kabisa. Vipimo vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi, na kila anayeishi hapa anajua kwamba mchana wa Oktoba na Novemba joto hupita hapo hata kivulini, sembuse nyuma ya kioo. Tangu siku hiyo naomba nipewe cha kwenye rafu ya ndani, kisha nakikagua mkononi: pakiti ibanwe pande zote bila tundu wala mkunjo uliopasuka, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo zisomeke vizuri, na nikishafungua nikute kile kifuko kidogo cha kufyonza unyevu. Muuzaji akikuuzia kikaratasi kilichotolewa kwenye pakiti yake, usikichukue. Vipimo hivi ni vitendanishi vinavyosimamiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo una haki ya kuuliza kama alichonacho kimesajiliwa.

Kosa lililoniumiza zaidi, hata hivyo, nililifanya kwa kipimo ambacho hakikuwa kimeharibika. Nilipima alfajiri, nikaona mstari mmoja tu, ule wa C, maana yake hakuna mimba, nikakiacha kwenye dirisha la bafu nikaenda kazini. Niliporudi saa kumi jioni nilikuta mstari wa pili, mwembamba, nami kwa furaha nikampigia mama mkwe wangu aliyeko Kondoa kabla hata mume wangu hajafika nyumbani. Baada ya siku nne hedhi ilikuja. Nilipokiangalia tena kile kipimo karibu na taa, niliona kwamba mstari wa pili ulikuwa wa kijivu, hauna ile rangi ya waridi ya mstari wa C: ulikuwa alama ya mkojo uliokauka. Karatasi ya maelezo ilisema wazi kwamba jibu lisomwe kati ya dakika 3 na 5, na lisisomwe baada ya dakika 10. Sikuwa nimeisoma.

Kuhusu ile asilimia 99 iliyoandikwa kwenye maboksi, ni vyema ieleweke kwamba ni ya kipimo kilichotumiwa sawasawa, kuanzia siku ambayo hedhi ilitarajiwa. Homoni ya hCG, ambayo ndiyo kipimo huitafuta kwenye mkojo, huanza kutengenezwa baada ya mimba kujishikiza kwenye mji wa uzazi, na katika wiki za mwanzo huongezeka karibu maradufu kila baada ya siku mbili hadi tatu. Ndiyo maana mwanamke anaweza kupima Jumatatu akapata mstari mmoja, akarudia Alhamisi akapata miwili, na kipimo kisiwe na kosa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio wenye homoni nyingi zaidi, hasa siku hizo za mwanzo. Aliyechomwa sindano ya hCG kwa ajili ya matibabu ya uzazi, au aliyepoteza mimba wiki chache zilizopita, anaweza kuona mistari miwili bila kuwa na mimba mpya.

Kipimo changu cha mwisho kilikuwa kikaratasi kilekile cha bei nafuu, safari hii kutoka famasi moja ya katikati ya mji inayohifadhi bidhaa zake mbali na jua. Nilisubiri hadi hedhi ilipochelewa siku sita, nikapima saa kumi na moja alfajiri, nikatega dakika tano kwenye simu. Mstari wa T, ule wa pili unaoonyesha mimba, ulikolea sawa na wa C. Nilipokwenda kituo cha afya walinipima tena, kisha muuguzi akaniuliza jambo ambalo halimo kwenye karatasi yoyote ya maelezo niliyosoma: kama nina maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu au damu inayotoka. Kipimo cha mkojo hakiwezi kuonyesha kama mimba imetunga nje ya mji wa uzazi, na mwenye mistari miwili pamoja na dalili hizo anatakiwa kuwahi hospitali siku hiyohiyo.