Lango zuri la barua pepe, mwongozo wenye pengo

Programu hii ya lango la barua pepe kwa kompyuta kuu ya z/OS (mfumo endeshi wa IBM) ninaipa nyota 3 kati ya 5, na nyota 2 zilizopungua ni za mwongozo wake na kitengo chake cha msaada, si za programu yenyewe. Tuliinunua kwa sababu z/OS 2.3, iliyotoka mwaka 2017, iliondoa SMTPD, seva ya zamani ya barua pepe, na programu ya CSSMTP iliyobaki huchukua ujumbe kwenye spuli (foleni ya mfumo) na kuutuma nje, lakini haipokei.

Usakinishaji kwa SMP/E, zana ya IBM ya kusakinisha programu, ulikwenda vizuri, kila hatua ikirudisha sifuri, yaani bila kosa. Tulipotoa amri ya kuiwasha, programu ilikatika papo hapo kwa msimbo wa kosa S047, yaani imeomba huduma ambayo mfumo huwapa walioidhinishwa tu. Mwongozo unaagiza maktaba ya bidhaa iingizwe katika orodha ya APF (ya maktaba zilizoidhinishwa), nasi tulikuwa tumeiingiza. Amri ya kuionyesha orodha hiyo, D PROG,APF, iliionyesha wazi kwenye skrini. Kitengo cha msaada kilitujibu kwa adabu kwamba tusakinishe upya. Tulirudia mara mbili, na S047 ikatoka ileile.

Siku ya tatu niliachana na maktaba yao, nikaisoma JCL yetu, yaani maagizo ya kuiendesha programu, mstari kwa mstari. Chini ya STEPLIB, sehemu inayotaja maktaba za kutafutia programu, palikuwa na maktaba tatu, na ya mwisho, yenye vijiprogramu vyetu vya kukagua anwani, haikuwa na idhini. Katika z/OS, maktaba moja isiyoidhinishwa ikiunganishwa na wenzake ndani ya STEPLIB huzivua zote idhini, hata zile zilizomo kwenye orodha. Amri moja ya SETPROG, ya kuiingiza maktaba hiyo katika orodha ya APF, ilimaliza tatizo la siku tatu. Kinachoudhi ni kwamba mwongozo wenyewe ndio unaomwelekeza mteja kuweka maktaba yake mahali pale, bila neno hata moja la tahadhari.

Kosa lililofuata ni langu. SETPROG hudumu mpaka mfumo utakapowashwa upya, nami sikuandika chochote katika PROGxx ya PARMLIB, mipangilio ambayo mfumo huisoma unapowashwa. Wiki mbili baadaye, baada ya IPL (kuwashwa upya kwa mfumo) ya usiku, lango liligoma na taarifa za alfajiri zikalundikana kwenye spuli.

Tangu hapo halijatusumbua. Ninalolipenda zaidi ni jaribio lake la kurasa za msimbo (majedwali yanayoamua kila baiti ni herufi gani), linaloonyesha anwani itakavyosomeka kabla ujumbe haujatoka, maana baiti 7C, ambayo katika IBM-1047 ni @, katika IBM-273 ya Kijerumani husomeka §, na barua ya namna hiyo haimfikii mtu. Leseni ya programu tutaihuisha mwaka ujao. Mkataba wa msaada wa saa 24 hatutauhuisha.