Ndoo za kuchachusha mabaki ya jikoni: uzoefu wangu hapa Moshi

Kwa wanaouliza kama ndoo za bokashi, yaani ndoo za kuchachusha mabaki ya jikoni kwa pumba zenye vijidudu kabla ya kuyafukia, zina maana yoyote kwa mtu wa mjini: ninazo mbili hapa Pasua, na nimezitumia tangu kabla ya masika. Kwa ufupi, ndoo ni nzuri, pumba zake ni ghali, na kama nje ya mlango wako hakuna hata kipande cha udongo, usihangaike nazo.

Nyumba yetu ni ya kupanga. Uani kuna ukanda mwembamba wa ardhi kando ya ukuta, basi. Chakula chetu kikubwa ni ndizi, na aliyewahi kumenya mshare za machalari ya familia anajua maganda yanavyojaza beseni hata kabla sufuria haijapanda jikoni. Ukweni Marangu hakuna kitu kinachoitwa taka za jikoni. Maganda ni ya ng'ombe na mbuzi, kinachobaki kinarudi kwenye migomba pamoja na samadi, na mambo yamekwisha. Huku mjini ganda hilohilo linakaa kwenye kiroba likisubiri gari la taka. Zamani tulikuwa tunafunga kwenye rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na kiroba hakizuii maji. Kikikaa siku mbili kwenye joto la Moshi, kinachuruzika mpaka mlangoni.

Nilizinunua kwa vijana wanaozitengeneza wenyewe, seti kwa shilingi 60,000: ndoo mbili za lita 20 zenye koki chini, sahani ya matundu ndani ya kila moja ili maji yachujike, mifuniko ya kubana, na mfuko wa pumba zilizochachushwa. Zile pumba ndizo zenye kazi. Zina bakteria wale wa maziwa mgando pamoja na hamira, na vyote hivyo hufanya kazi pasipo hewa. Mchanganyiko wa vijidudu unaotumika sana kwa kazi hii ulitengenezwa Okinawa, Japani, na mtaalamu wa kilimo Teruo Higa, na ukaenea duniani kuanzia miaka ya 1980. Unaweka mabaki, unanyunyiza kiganja cha pumba, unagandamiza hewa itoke, unafunika. Ndoo ikijaa unaiacha imefungwa wiki mbili, huku ukiendelea na ya pili.

Harufu ndiyo watu huiulizia kwanza. Ukifungua mfuniko unakutana na uchachu kama wa mbege iliyoiva, ile pombe ya ndizi, si uvundo. Nzi hawana njia ya kuingia. Ukungu mweupe juu ya maganda ni dalili njema. Ukiona wa kijani au mweusi, ujue hewa inapita au pumba hazikutosha. Na tofauti na lundo la mboji la kawaida, humu unaweza kutia vichwa vya dagaa, ukoko wa wali, ugali uliochacha, hata mabaki ya nyama. Mifupa mikubwa hapana, itakaa ardhini miaka. Supu na maziwa pia hapana, maji yakizidi ndoo inavunda. Maganda ya mshare yakatekate, ni magumu na yakiingia mazima yanaacha mapengo ya hewa.

Sasa lawama. Koki ya ndoo moja ilianza kuvuja mapema. Mpira wake ni mwembamba, nikaubadilisha kwa wa duka la vifaa vya bomba na tangu hapo iko salama. Mfuniko nao unahitaji nguvu, na dada anayetusaidia kazi alikuwa anauegesha tu, mpaka nikaweka jiwe juu. Hayo ni madogo. Kubwa ambalo muuzaji hakulisema wazi ni kwamba kinachotoka kwenye ndoo bado si mbolea. Ganda linatoka na sura yake ileile, limechachuka tu, lina asidi, na ukiliweka kwenye mzizi wa mchicha unauunguza. Lazima lifukiwe, kina cha futi moja hivi, likae wiki mbili au zaidi ndipo upande kitu juu yake. Wakati wa masika shimo langu lilijaa maji, na mbwa wa jirani alilifukua mara tu udongo ulipokauka. Siku hizi nachanganya na udongo mkavu ndani ya pipa lililotobolewa chini, nafunika na bati. Humo halina muda mrefu, unakuta udongo mweusi na ganda hulioni tena.

Maji ya kwenye koki nayo yasimwagwe kwenye mimea hivihivi. Kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja na nusu ya maji, unamwagilia kwenye udongo, si kwenye majani. Sukuma wiki yangu ya kando ya ukuta imenenepa, ila siwezi kuapa kuwa ni hayo maji, maana mvua nayo ilikuwa nyingi.

Kuna jambo sikulitegemea. Ndoo iligeuka kisingizio. Zamani wali ukibaki usiku uliliwa asubuhi na chai, tena watoto waliugombania. Ndoo zilipoingia, kila kiporo kikawa kinaelekea humo, "si itakuwa mbolea, mama." Mbolea gani hiyo ya mchele wa kununua kwa kilo? Nikaweka sheria: kinacholiwa kinaliwa, kwenye ndoo yanaingia maganda, majani ya chai na kilichoharibika kweli. Mama mkwe alipotutembelea akaitazama ndoo akasema, "Yaani mmetoa hela mnunue nyumba ya maganda? Na ng'ombe wangu wale nini?" Ana hoja. Kama una ndugu mwenye mifugo karibu, au mtaani kwenu wanapita vijana wa kukusanya makombo ya nguruwe, wape hao kwanza. Mnyama anafaidi chakula moja kwa moja, na wewe hununui chochote.

Kuhusu gharama, pumba ndipo biashara ilipo. Ndoo unanunua mara moja, pumba kila zinapoisha, na kwa nyumba inayokula ndizi zinaisha haraka. Lakini hapa kwetu malighafi zote zipo. Pumba laini za mpunga zinapatikana kwenye mashine za kukoboa upande wa Mabogini, na molasi, ambayo kiwanda cha sukari cha TPC hapo chini kinaizalisha, inauzwa kwa wafugaji. Bakteria unawapata kwa maji ya kuoshea mchele: yaache siku chache yachachuke, changanya sehemu moja na sehemu kumi za maziwa, subiri mtindi ugande juu. Yale maji ya manjano ya chini ndiyo unayoyataka. Yachanganye na molasi kidogo na maji, lowesha pumba mpaka ukizifinya zishikane bila kudondosha tone, zifunge bila hewa wiki mbili, kisha zianike kivulini. Mfuko wangu wa kwanza ulitoka na uchachu uleule wa zile za dukani.

Kiroba chetu sasa kina pakiti za maziwa, chupa na karatasi tu. Ni chepesi, kikavu, kinaweza kusubiri gari wiki nzima. Plastiki haijapungua hata kidogo, ndoo haina dawa ya hilo.

Kwa hiyo ndoo naziweka, ila pumba za muuzaji sinunui tena. Kwa anayekaa ghorofani bila hata kopo la udongo, bora hizo 60,000 zinunue mboga. Na ukienda kununua, jaza ndoo maji palepale dukani uone kama koki inashika.