Mashine ya kufyekea ya cc 52 kwenye njia ndefu ya shamba: nilivyoiona huku Ndanda

Njia yetu inatoka kwenye lami ya Mingoyo–Masasi, upande huu wa Ndanda mkoani Mtwara, inaingia ndani kama mita mia sita mpaka nyumbani kwa mama. Huku na huku ni mikorosho ya zamani, miembe imechanganyika humo humo, na mwishoni pamebaki kipande cha miombo ambacho marehemu baba hakutaka kiguswe. Naipenda njia hii kuliko nyumba yenyewe. Ila ikifika Machi mvua zimeshakolea, nyasi za pembeni zinampita mtu kimo na machipukizi ya visiki yanalalia njia. Watoto wa shule wanatembea katikati kwa kuogopa nyoka, na bodaboda nazo hazina pengine pa kupita.

Miaka yote tumefyeka kwa fyekeo na panga. Baada ya malipo ya mnada wa korosho uliopita nikanunua mashine ya kufyekea, ile ya kuning'iniza begani, injini ya cc 52, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Nilitoa laki tatu na nusu kwenye duka la zana Masasi mjini. Imefanya kazi msimu mzima wa mvua na kiangazi chake.

Nasema inafaa, tena sana, lakini kwa kisu. Ndani ya boksi kuna kichwa cha uzi wa nailoni na kisu cha meno matatu. Uzi unakata ukoka na majani laini vizuri, ila ukigusa nyasi ngumu za pembeni, au chipukizi la unene wa kidole, unakatika, unasimama kuuvuta, unaendelea, unakatika tena. Kijana wa dada yangu, ambaye ndiye anayeishika zaidi, aliuvua mapema akaniambia, "Mjomba, huu uzi wa bustani za hoteli, siyo wa kwetu." Namuunga mkono. Kisu cha meno matatu kinalaza nyasi ndefu bila kubembeleza. Kwa machipukizi yaliyokomaa nilinunua kisu cha duara chenye meno madogo mengi, kinauzwa peke yake, nacho kinakata kijiti kama msumeno.

Uzi una ubaya mwingine ambao watu wa korosho wausikie. Ukipigapiga shina la mche mchanga unamenya ganda lake pande zote, na mche uliomenywa hivyo unakauka taratibu huku huoni sababu. Kwenye miche, na kuzunguka mashina yote kwa upana wa hatua moja, bado tunatumia panga na mkono. Hapo mashine inazimwa.

Sasa namna ya kutembea nayo, maana dukani hawakutuambia. Ukikitazama kisu kutoka juu, kinazunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo unafagia kutoka kulia kwenda kushoto, na majani yanalala kushoto kwako. Kwenye njia ya gari hili ni jambo kubwa: ukitoka nyumbani weka kichaka mkono wa kulia na njia mkono wa kushoto, majani yote yataangukia njiani ambako ni rahisi kuyakusanya kwa reki. Ukifika barabarani unageuka na kurudi na ukingo wa pili, na kichaka kinakuwa kulia tena. Ukifanya kinyume, majani yanalalia yale ambayo hayajakatwa, na kazi inakuwa mara mbili.

Mbele upande wa kulia wa kisu usiguse kisiki wala jiwe. Kikigonga hapo, mashine nzima inarushwa pembeni na kumvuta aliyeishika. Kokoto nazo zinaruka mbali, kwa hiyo kitabu cha mashine kinataka watu wakae mita 15 kutoka kwa anayefyeka. Kwetu mtoto mmoja anasimama mbele, akiona mtu anakuja anapunga mkono, mashine inazimwa mtu apite. Buti, suruali nzito na miwani ni lazima. Miwani ya plastiki iliyokuja nayo ilipauka haraka. Nunua nyingine nzuri.

Upupu nauweka peke yake. Huku kwetu unapanda juu ya vichaka vya pembeni, na maganda yake yakishakauka kiangazi, yale manyoya ya dhahabu yanasubiri tu kuguswa. Ukipitisha mashine hapo unayapeperusha hewani, yanamwingia mfyekaji shingoni na machoni, na yanawafuata hata walio mbali upande wa upepo. Kwa hiyo ukingo wenye upupu unafyekwa ungali kijani, Machi au Aprili, kabla maganda hayajakomaa. Ukichelewa, uache mpaka mvua iurudishe chini, au uukate kwa panga ndefu asubuhi ukiwa na umande, umejifunika mwili wote. Mashine hapana.

Wengi huku wanapenda ukingo uliopaliliwa kwa jembe mpaka udongo uonekane, wanaona ndio usafi. Mimi siupendi. Udongo wetu ni mchanga, na mizizi ya nyasi ndiyo inayoushika. Ukiparua, mvua ya kwanza ya Desemba inachimba mfereji pembeni, ya pili inauingiza njiani, na baada ya miaka michache gari linapita kwenye korongo. Mashine inaacha nyasi za urefu wa vidole vinne, mizizi ikiwa ardhini, na hiyo peke yake ingetosha kunifanya niinunue. Mwaka huu kingo zimeshika vizuri, isipokuwa pale kwenye mteremko ambako michepuo ya kutolea maji njiani ilikuwa imeziba.

Tunapita mara ya pili Agosti, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Ukingo mfupi unaonyesha korosho iliyobingirika, na moto unaoletwa na watu wa barabarani unakosa pa kushika. Lakini majani yaliyokatwa lazima yaondolewe. Yakiachwa yakauke hapo hapo, umewatandikia moto kitanda. Yale ya Aprili tunayaweka chini ya mikorosho, mbali na shina, na kufikia msimu wa kuokota mchwa wameshayamaliza.

Matawi yanayoning'inia juu ya njia mashine hii haiyawezi, wala usijaribu kuinyanyua. Msumeno wa mkono, baada ya mavuno, unaanza kukata kwa chini kidogo ndipo umalizie kwa juu, ili tawi lisichane ganda la mti.

Udhaifu wake upo. Mkanda wa bega moja uliokuja nayo ni mbaya kabisa: uzito wote unaning'inia upande mmoja na kijana alilala bega likimuuma. Nilinunua wa mabega mawili, ukawa kama umebadilisha mashine. Kitabu cha maelezo kina herufi ndogo zilizofutika. Kelele ni kubwa, ziba masikio. Kuwasha kukiwa na joto kunasumbua: choki ifunguliwe kabisa, uvute kamba polepole mpaka ikaze, ndipo uvute kwa nguvu.

Mafuta yake yanataka uangalifu. Yangu inataka sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 40 kwa kila lita. Changanya kwenye dumu, tikisa, ndipo umimine. Petroli tupu inaua injini, na fundi wa pikipiki hapa Ndanda anasema mashine nyingi anazoletewa zimekufa hivyo. Osha sponji ya chujio la hewa kila unapomaliza kazi, maana vumbi letu halisamehe, na weka grisi kwenye gia boksi.

Nati ya kisu inakwenda kinyume, kulegeza unazungusha kulia. Mwambie kijana wako kabla hajaikaza zaidi akidhani anaifungua.

Kwa aliye Newala au Tandahimba, mbali na maduka ya vipuri, chukua siku hiyo hiyo ya kununua plagi mbili, kamba ya kuwashia na kisu cha akiba. Mkanda wa mabega mawili nilinunua elfu ishirini na tano, na kwa bei ile ningeanza nao.